Hadithi Namba Kumi na Nne

Waandishi ni watu wa kuhurumiwa, lakini si kila siku. Mpe mwandishi mwezi mzima aandike hadithi ya maneno mia sita. Ataumaliza mwezi akijisifu kwamba hadithi imeshaiva kichwani, kisha siku ya mwisho, dakika tano kabla ya saa kumi na mbili jioni, atakutumia maneno mia nane na arobaini na kusingizia umeme. Pudentienne alikuwa amewavumilia watu wa namna hiyo kwa miaka sita. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili kwenye kundi la WhatsApp, wametapakaa Kigali, Bujumbura, Uvira, Bukavu na Kigoma, wote wakiandika Kiswahili, kila mmoja kile cha kwao, na kila mmoja akiapa kwamba cha kwao ndicho chenyewe.

Yeye mwenyewe hakuwa mwandishi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye mashine mbili za fotokopi kwenye chumba kimoja karibu na njia panda ya Sonatubes, Kigali, na nusu ya chumba hicho alikuwa amempa Raihana, fundi cherehani. Kiswahili alikinyonya Buyenzi, Bujumbura, alikozaliwa na wazazi wakimbizi. Alipohamia Kigali msichana mzima alikikuta kinazungumzwa sokoni na stendi, tena kwa haraka, watu wakimaliza shida zao na kurudi kwenye Kinyarwanda. Akakaa na hamu yake miaka mingi. Siku moja akampigia simu Mzee Ndihokubwayo, mwalimu mstaafu aliyekuwa jirani yao kule Buyenzi na ambaye hakuhama, wakaanzisha kundi.

Kanuni walizitunga wawili hao. Kila mwezi mada moja. Hadithi zinatumwa kwa Pudentienne faraghani kabla ya tarehe ishirini. Yeye anaondoa jina, anatia namba, anazibandika kundini. Siku tatu watu wanachambua, na katika siku hizo mwandishi haruhusiwi kufungua mdomo hata akichambuliwa mpaka mifupa. Halafu kila mmoja anatuma kura yake kwa Pudentienne, naye anazihesabu kwa kalamu na karatasi, kisha anatangaza: namba hii ni ya fulani, namba ile ya fulani, hadi ya mwisho. Mshindi anapata daftari la jalada gumu lenye jina lake. Daftari la mshindi wa Bujumbura, tangu mpaka wa Rwanda na Burundi ufungwe, lilikuwa linazungukia Tanzania kwenye mabasi na kufika limechakaa kuliko daftari la mtoto wa shule. Na kanuni ya kwanza kabisa, iliyoandikwa na Mzee mwenyewe: msimamizi hashindani. Kinyozi hajinyoi.

Mwisho wa mwezi wa pili, Mutsinzi, mume wa Pudentienne, alikufa. Alikuwa amepakia mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Kanombe miaka ishirini na mitatu, akastaafu na mgongo mbovu na kicheko kikubwa, na kustaafu kwenyewe hakukufaidi hata miaka miwili. Presha, walisema hospitali.

Pudentienne hakulia. Siku za ikiriyo, majirani walipojaa uani kukesha na wafiwa, alizunguka na kreti ya fanta akihakikisha kila mtu ana chupa na kila mtu ana kiti. Wanawake walimkodolea macho. Wengine walisema ana nguvu, na wengine, ambao walikuwa na haki ya kusema kwa sababu walilia wao, walisema moyo wa yule mama ni wa mawe. Waliporudi kutoka makaburini, amekaa kiti cha nyuma kwenye gari la shemeji yake, alitoa simu na kutangaza kundini matokeo ya mwezi wa pili, yaliyokuwa yamechelewa siku tatu. Raihana alikuwa amekaa ubavuni kwake.

"Puda, unafanya nini?"

"Wanasubiri," alisema Pudentienne.

Na kweli walikuwa wanasubiri. Kenny, kijana mmoja wa Kanombe anayeandika hadithi za majasusi, alikuwa ameuliza mara nne kama kura zimekwenda kuhesabiwa mwezini. Matokeo yakatoka, watu wakampongeza mshindi, na hakuna aliyejua tangazo limetoka wapi. Pudentienne hakuwaambia siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Kila mahali pengine Kigali alikuwa mjane: kanisani, dukani kwa mchele, kwenye lango la nyumbani kwao. Watu walishusha sauti akipita. Kundini hakuna aliyeshusha sauti. Walimpigia makelele ya nukta, mkato na maneno kama kawaida, na mtu akiuliza habari za nyumbani alijibu nyumbani ni salama, akaaminiwa. Humo alikuwa bado mke wa mtu.

Miezi ikapita hivyo, naye akapita nayo. Alikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yake. Alifungua duka saa moja na nusu, akawasha mashine, akazima. Hakuwa na huzuni ya kuelezea, na hilo ndilo lilimchosha watu walipomtaka aieleze. Zamani alisoma kila hadithi mara mbili kabla ya kuibandika, akicheka peke yake mpaka Raihana amuombe asome kwa sauti. Sasa alinakili, akabandika, akaendelea na ya pili. Hadithi thelathini zilikuwa sawa na karatasi thelathini za fotokopi.

Kitu kimoja tu alikifanya kila jioni akifunga duka. Enzi Mutsinzi akiwa kazini, alizoea kumtumia ujumbe wa mambo ya siku: mvua, sabuni, nani kapita. Namba ya Mutsinzi ilikuwa imefungwa sasa. Basi akawa anaandika ujumbe uleule kwenye ukurasa wa maandishi ndani ya simu, asiutume popote. Hakuuita barua. Ilikuwa tabia ya vidole, kama mtu anavyopapasa swichi ya taa hata umeme ukiwa umekatika.

Mwezi wa sita mada ilikuwa "Mtu aliye mbali". Hadithi thelathini na moja ziliingia, na namba kumi na nne ilikuwa ya Natacha, mwalimu wa chekechea kutoka Masaka, pembezoni mwa Kigali. Miaka miwili alikuwa kundini akisoma za wenzake bila kuthubutu. Alipotuma ya kwake aliiandikia utangulizi wa kuomba radhi mrefu karibu kama hadithi yenyewe.

Siku ya kubandika, Pudentienne alipomaliza ya kumi na tatu simu ikagoma: imejaa. Akanakili maandishi yake ya jioni, moja baada ya jingine, kutoka ukurasa uliojaa picha za zamani kwenda mwingine, ili aufute ule wa kwanza. Halafu akarudi kwenye hadithi. Alikuwa ndiyo anashika ya kumi na nne mteja akaingia na kitambulisho mkononi.

"Mama, fotokopi iko? Nataka kopi mbiri ya indangamuntu."

Akambonyezea mashine kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiendelea na simu. Kidole hakikushika vizuri, hadithi ya Natacha haikunakilika, na simu ikabandika kile ilichokuwa imekishika kabla yake. Enzi zake Pudentienne angeona. Siku hiyo aliandika "15" na kuendelea.

Uchambuzi ukaanza, na huo ni mchezo wa watu wenye meno. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hadithi ya mwenzio ni nyepesi zaidi: kila mtu angeiandika vizuri kuliko aliyeiandika. Kazi ya Pudentienne siku hizo tatu ilikuwa kupitisha macho kutafuta matusi, na akiyaona anaandika, "Heshima, tafadhali." Siku ya pili aliona namba kumi na nne inatajwa kila baada ya ujumbe mmoja. Mmoja alisema yule mume yuko Dubai. Mwingine akasema Dubai gani, amekimbia na mwanamke. Kenny akaandika kwamba stori haina moto, hakuna kinachotokea, lakini hajui kwa nini ameisoma mara tatu.

Mzee Ndihokubwayo aliingia jioni, kama kawaida yake, wa mwisho na wa nguvu.

"Ninyi nyote mmesoma mkiwa mmefumba macho," aliandika. "Mume huyu amekufa. Mwandishi anajua, ila anaogopa kulitaja neno. Mjane asiyelia mimi simwamini, na mwandishi anayemficha msomaji maiti simwamini pia. Huu ni woga uliovaa nguo za ufundi."

Pudentienne aliisoma mara moja. Kumbe Natacha kaandika habari za mjane, akawaza. Haya. Aliona maneno ni makali kwa msichana wa miaka ishirini na sita anayeanza, akaandika, "Heshima, tafadhali," na kwenda kununua wino wa mashine.

Kura zikaanza kuingia. Asubuhi ya pili ya kura karatasi yake ilikuwa na vijiti hamsini na vinane mbele ya namba kumi na nne, na hakuna namba nyingine iliyofika thelathini. Ndipo ujumbe wa Natacha ukaingia faraghani.

"Shikamoo Mama Pudentienne. Samahani kukusumbua. Hadithi yangu haimo. Nimezisoma zote thelathini na moja mara mbili. Niliona tangu siku ya kwanza ila kanuni inasema mwandishi asiseme kitu siku za uchambuzi, nikaogopa nikiuliza nitakuwa nimejitaja. Kama haikustahili nta kibazo, hakuna shida Mama, niambie tu."

Pudentienne akafungua orodha yake. Kumi na nne, Natacha. Akarudi kundini, akapandisha juu, juu, hadi siku ya kubandika, akaisoma.

"Leo nimenunua sabuni ya mche. Ile ya bluu haikuwepo. Mvua imenyesha saa nane na nguo zilikuwa kwenye kamba, nikaziangalia zikilowa. Kaka yako amepita na gari kuchukua viti vya kukodi. Nimempa arobaini na tisa. Nimesema cha hamsini sijui kilipo. Ninacho, nimekikalia sasa hivi. Viatu vyako vya kazi viko mlangoni. Scovia wa jirani aliviomba kwa ajili ya mumewe, nikamwambia ni vidogo. Si vidogo. Nimepika maharage mengi tena, mkono haujajua. Nimekula. Padri ameuliza kama nalala nikasema nalala. Kesho nitaleta wino wa mashine. Sina kingine."

Aliisoma kama ya mtu mwingine, na hilo ndilo lililomtia baridi. Alimwona mwanamke amekalia kiti cha wizi mbele ya sufuria ya maharage, akamwonea aibu. Halafu akakumbuka watu mia mbili na kumi na wawili wamemwona pia. Walibishana juu yake siku tatu, na yeye aliwakataza matusi tu.

Raihana alikuwa anapiga pasi. Aliona uso, akaweka pasi pembeni.

"Puda, iko nini?"

Pudentienne akamnyooshea simu. Raihana alisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika kwenye viatu akajifuta jicho kwa kona ya mtandio. Alikuwa jirani aliyejua kila kitu, na kwa miezi minne alikuwa akimngoja huyu mtu avunjike ili amdake.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitasema ni hitilafu ya simu. Nabandika ya Natacha, tunaendelea."

"Na hii watauliza ya nani."

"Nitasema mwandishi amejitoa."

Akaanza kuiandika hiyo hitilafu. Aliandika "Ndugu wanachama", akafuta. Kenny alikuwa ameshatangaza hadharani kwamba ameipigia kura namba kumi na nne na anadai jina la mwandishi wake. Mwisho wa mwezi lazima kila namba ipate mwenyewe, hiyo kanuni haikuwahi kuvunjwa. Ikamjia njia nyingine, rahisi, ya kutisha: jina lililo kwenye orodha ni la Natacha. Akimwomba msichana akubali tu, anyamaze, daftari litakwenda Masaka, na kundini hakuna kitakachobadilika. Nyumbani kutaendelea kuwa salama.

Akampigia Natacha. Msichana alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Natacha, ile ya kumi na nne ingekuwa yako, ungependa?"

"Ni nzuri, Mama," alisema Natacha. "Inanitisha. Lakini ya kwangu ni ya baba yangu, yuko Msumbiji, hajapiga simu mwaka wa tatu. Nilitaka watu waisome hiyo."

"Hata kama nyingine ingeshinda?"

"Mama, samahani, unanitega?"

"Hapana," alisema Pudentienne, na alisikia uso wake unapata moto, kitu cha kwanza alichosikia kwa muda mrefu. Alikuwa karibu amwibie mtoto wa watu baba yake. "Ya kwako inaingia leo. Nilikosea mimi."

Kukata simu ilikuwa rahisi. Kilichofuata hakikuwa rahisi, na tusijidanganye kwamba alikifanya kwa ushujaa. Alikifanya kwa sababu milango yote mingine ilikuwa imefungwa. Alisimama nyuma ya mashine, wateja wawili wakingoja, akaandika kundini sentensi zake, na kila moja aliituma peke yake ili asipate nafasi ya kuifuta:

"Namba kumi na nne niliibandika kwa makosa mahali pa hadithi ya mwanachama mwingine."

"Hiyo sio hadithi. Ni yangu."

"Mume wangu Mutsinzi alikufa mwezi wa pili."

"Kura zake zimefutwa. Msimamizi hashindani. Hadithi sahihi ni hii hapa chini, na tunaongeza siku tatu za uchambuzi."

Akabandika ya Natacha. Safari hii aliisoma kwanza, neno kwa neno, mara mbili.

Kundi zima likanyamaza. Katika miaka sita hawakuwahi kunyamaza hata dakika tano. Halafu wa kwanza akatoa pole kwa Kinyarwanda, "Mwihangane," na wa pili, na wa kumi, Pole na Mwihangane zikashuka kama mchele kwenye ungo, simu ikatetemeka na kuanza kutembea juu ya mashine yenyewe. Kenny aliandika kwamba anaomba radhi kwa habari za moto, na pia kwa ile ya mwezini. Pudentienne alizitazama zikipita. Hakusikia kitu moyoni. Alitoa kopi za mteja, akazipanga, akazibana pini kwenye kona. Ndivyo ilivyo basi, akawaza, nimesema na dunia iko palepale.

Mzee Ndihokubwayo hakuandika. Alipiga. Mzee huyo hapendi kupiga, anasema simu inakula maneno yake, kwa hiyo Pudentienne alipoona jina alipokea upesi akidhani kuna ugonjwa.

"Pudentienne."

"Mwalimu."

"Nimeandika ujinga mkubwa, dada yangu."

"Hukujua."

"Mtu wa miaka sabini na saba, kutojua si udhuru." Akakohoa. Nyuma yake ulisikika mtaa wa Buyenzi, redio na watoto. "Mimi sikupiga kukupa pole, pole zimejaa huko. Nimepiga kuuliza. Ilikuwa siku gani?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo. Watu waliuliza kama analala, kama anakula, kama anasali. Waliokuja kwenye ikiriyo walijua siku, na wasiojua hawakuona haja.

"Jumamosi," alisema. "Tarehe ishirini na nane. Mchana, saa tisa hivi."

"Ulikuwa naye?"

"Nyumbani. Mimi sebuleni, yeye alikuwa amejilaza chumbani. Alisema kifua kinambana, nikampa maji."

"Halafu?"

Raihana alikuwa amezima pasi. Pudentienne aligeuka ukutani, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Tarehe ishirini na nane, Mwalimu. Nilikuwa nahesabu kura."

"Endelea," alisema Mzee.

"Aliniita. Nikamwambia subiri kidogo, zimebaki kumi na tisa tu. Akaniita tena. Nikasema, Mutsinzi jamani, utanipotezea hesabu, nitaanza upya. Akanyamaza." Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma matokeo, sawasawa, bila kupanda wala kushuka, hadi hapo. "Mwalimu, alivyonyamaza, nilifurahi."

Na hapo akalia, mchana kweupe, mbele ya wateja wawili waliokuwa wanangoja kopi zao.